Chupa Tisini na Sita za Dishon Wanjala

Hapa Voi, anayemkumbuka Dishon Wanjala atakwambia kwamba alikuwa mtu mwangalifu aliyeharibu kazi yake mwenyewe kwa uzembe wa siku moja, akaishia kupima mizigo ya katani. Nimeyasikia hayo dukani mwangu mara nyingi, mimi nikiwa nyuma ya kaunta, na kila mara nimeendelea kufunga sukari kama sijasikia. Si kweli. Kazi ya Dishon niliiharibu mimi, na naandika jinsi ilivyokuwa.

Dishon alizaliwa katika nyumba za reli. Baba yake alikuwa Mbukusu wa Kimilili, fundi wa injini, aliyeletwa Voi na kazi akakaa. Mtoto naye akaingia relini, akapewa kuosha mabehewa. Mwaka wa 1974 meli ya utafiti ilifika Mombasa ikitaka vibarua wa kuosha nyavu, na mkubwa wake wa reli akamtoa kwa wiki tatu. Alikaa miaka mitatu.

Nyavu zenyewe hazikuwa za samaki wa kula. Zilikuwa laini kuliko kitambaa cha kuchujia tui. Meli ilikwenda mbali, mahali ambapo nchi kavu haionekani kokote, ikateremsha wavu mita kumi, mia mbili, mia sita, saa hizi na saa zile, mchana na usiku. Kilichonaswa kilikuwa vidudu: vingine kama punje ya mtama vyenye sharubu mbili ndefu, vingine kama uzi wa kioo, konokono wenye mabawa, na visamaki vya urefu wa kidole cha mwisho, vyenye vidoa mbavuni ambavyo vikiwa hai huwaka kama kimulimuli. Kila mvuo ulitiwa kwenye chupa yake na dawa ile ya kuhifadhia maiti, pamoja na kikaratasi ndani: mahali, kina, saa. Kiliandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye dawa.

Dishon alianza kwa kuosha nyavu, wakaona mkono wake hautetemeki, wakamkalisha mbele ya hadubini. Kazi ikawa kuchambua chupa, kuhesabu nani yumo, na kupasua tumbo la kisamaki kwa sindano mbili aone kimekula nini. Alisoma hadi darasa la saba tu, lakini alikuwa na macho.

Meli ilipoondoka mwaka wa 1977, nusu ya chupa zilikwenda ng'ambo na nusu zikabaki Mombasa katika chumba ambacho ofisi nyingine ilikitaka. Mkubwa wa kazi alikuwa Daktari Kiilu, kijana Mkamba aliyetoka masomoni karibuni. Akamwambia Dishon, "Chukua makreti haya manne uende nayo kwenu. Ukiyamaliza, na hesabu zako zikisimama, nafasi ya kudumu ninayo, na jina lako litaandikwa kando ya langu."

Makreti manne, chupa ishirini na nne kila moja. Tisini na sita. Yalifika Voi kwa treni ya mizigo, na Dishon akaja kwangu kutafuta chumba.

Nilikuwa na duka karibu na stesheni, na nyuma yake chumba ambacho hakuna mpangaji aliyedumu ndani yake, maana dirisha lake lilipigwa na jua tangu asubuhi. Dishon alisimama mbele ya dirisha hilo, akafungua kiganja chake juani, akakitazama.

"Hiki ndicho," akasema.

Nilimwongezea bei papo hapo. Nani alimwambia aonyeshe kwamba amekipenda?

Siku za kazi alikuwa stesheni. Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa, alikaa dirishani mpaka mwanga uishe. Mkewe Nanzala alikuwa akimwekea uji pembeni na kuurudisha baridi. Watu walimcheka. Katuku, mama wa Kikamba aliyeuza asali barabarani kule Miasenyi, alikuja dukani kununua chumvi, akachungulia nyuma, akarudi ameshika mbavu.

"Mama Saru, yule mpangaji wako anasoma mchuzi!"

"Anasoma," nikamwambia. "Katika wako angesoma nini? Maji matupu."

Lakini baada ya kicheko Katuku hakutazama tena Dishon. Alitazama chupa. Zilikuwa ndogo za kukaa kiganjani, kioo kizito, mdomo mpana, kifuniko cha kuzungusha. Yeye aliuza asali kwenye chupa za soda zilizozibwa kwa gunzi la mahindi.

"Hizo unaweza kunipatia?" akauliza.

"Si zangu."

"Leo si zako," akasema Katuku.

Mwezi wa kwanza, 1978, Dishon aliingia dukani amebeba daftari kama mtu aliyebeba yai. Aliniomba nikatazame kwenye hadubini. Nikakataa, nina wateja. Basi akanieleza pale pale kaunta.

"Mama Saru, wewe unauza nyanya za Mboghoni?"

"Harufu yake imekujia puani?"

"Nyanya ya asubuhi sokoni Taveta, na hiyo hiyo jioni hapa Voi. Ni nyanya moja?"

"Si moja hata kidogo. Kule ni takataka, hapa ni mali. Ndiyo maana napanda lori."

"Basi na hawa ni hivyo. Jua likizama wanapanda juu kula, kukikaribia kucha wanashuka kujificha gizani. Kila siku, bahari nzima. Daktari Kiilu anasema kisamaki kikiwa chini mchana hakili, kinangoja tu jioni. Lakini mimi nimepasua vya mchana, vya mita mia sita. Vimeshiba."

"Labda vimekula usiku."

"Nilidhani hivyo. Lakini nimekuta tumboni dudu mmoja mwenye kichwa kipana. Huyo sijamwona hata mara moja katika chupa za juu, iwe usiku, iwe mchana. Hapandi. Yuko chini tu."

"Labda kisamaki kimemla ndani ya wavu, vikivutwa pamoja."

Dishon alicheka kwa furaha, akapiga kaunta. "Hilo hilo Daktari ataniuliza! Ndiyo maana aliye mdomoni simhesabu. Ninayemhesabu yuko tumboni na ameanza kulainika."

Nikafikiri kidogo. "Kumbe na huko chini kuna soko."

"Mama Saru," akasema, "umeelewa haraka kuliko watu wa meli."

Nayaandika haya maneno yake kwa sababu ndiyo yanayonihukumu. Mtu mwingine angeweza kusema hakujua. Mimi nimeishi kwa kujua kitu kiko wapi na saa ngapi. Niliacha ng'ombe wa baba yangu kule Kasigau nikiwa sina viatu, na kila nilicho nacho nilikipata kwa kujua hilo tu. Nilielewa.

Mwezi wa tatu ikaja simu ya stesheni kwamba mama yake Dishon amefariki Kimilili. Safari ya wiki tatu, pamoja na matanga. Chumba chake kilikuwa cha mabati, na joto lilikuwa likipunguza dawa ndani ya chupa, kwa hiyo aliniomba nimwekee makreti kwenye stoo yangu ya mawe. Aliyabeba mwenyewe, moja moja. Alikuwa amemaliza chupa thelathini na moja.

"Usiyaweke juani," akasema. "Na zile karatasi za ndani, Mama Saru. Karatasi ndiyo chupa yenyewe. Ikitoka, kilichobaki hakina kwao."

Nilikuwa napatana na mtu wa mkaa. "Sawa, sawa," nikasema. "Poleni na msiba. Nendeni salama."

Wiki moja baadaye Katuku akaja na jamaa yake Nthambi, mizinga yao imejaa asali na Pasaka inakaribia, mabasi na magari ya kwenda Mombasa hayana idadi. Alitaka chupa nzuri, mia moja. Nilisema sina. Akasema basi anakwenda kwa Mhindi wa upande wa pili, na akienda kwake huenda na chumvi atakuwa ananunua huko huko, na sukari.

Nililala nikiliwaza hilo, nikaamka na jibu. Niliona ni jibu safi kabisa. Anachotaka Dishon ni vidudu. Anachotaka Katuku ni chupa. Kwa nini mmoja akose? Mimi nikinunua maharage kwa watu ishirini, siyaachi katika vikapu ishirini. Nayamimina kwenye gunia moja, na gunia halijapotea hata punje.

Nikachukua debe safi. Nikafungua chupa ya kwanza, nikatoa kikaratasi kwa kijiti, nikakianika kwenye kamba, nikamimina vilivyobaki ndani ya debe. Ya pili. Ya tatu. Ile dawa ilinichoma macho, nikawa nalia huku namimina. Machozi ya dawa tu. Debe likajaa rangi ya maji ya mchele. Chupa tisini na tano nilizimaliza kabla ya adhuhuri. Moja tu kifuniko chake kiligoma, nikairudisha kwenye kreti kwa hasira. Vikaratasi vilipokauka nilivifunga pamoja kwa uzi wa katani, nikahesabu, tisini na tano, hata kimoja hakikupotea. Nilijiona mwaminifu.

Katikati ya kazi, kama kwenye chupa ya arubaini, nilisoma kikaratasi kimoja. *Mita 600. Saa saba mchana.* Nikasimama nacho mkononi. Nikakumbuka nyanya za Mboghoni. Nilisimama hivyo muda wa kutosha mtu kufunga debe na kuacha, akabakiza chupa hamsini na kitu. Kisha nikajiambia nimeshaanza. Nikamimina.

Nilizisugua kwa majivu, nikazichemsha mara mbili. Katuku alinusa moja akakunja uso. "Inanuka hospitali."

"Asali yako haina nguvu ya kufukuza harufu?"

Akazichukua.

Dishon na Nanzala waliteremka treni ya asubuhi, Dishon amenyoa kichwa kwa msiba. Hata hakuingia chumbani kwanza. Nilimpeleka stoo mwenyewe nikiongea haraka, kama ninavyoongea nikiuza kitu chenye ufa. Nikamwonyesha debe lililofunikwa vizuri, na fungu la karatasi.

"Kila kitu kipo," nikamwambia. "Nimetoa vyombo tu. Vyombo nitakununulia vingine."

Alifunua debe. Ndani, kutu ilikuwa imeanza kula bati, na ule weupe umegeuka kahawia. Alichota kwa kiganja. Akatazama, akarudisha polepole, kidole kimoja kimoja, vidudu visimng'ang'anie.

"Karatasi," akasema.

Nikampa. Akapitisha gumba pembeni kama mtu anayehesabu kadi. Akaketi juu ya kreti tupu.

"Mama Saru," akasema, "huu sasa ndio mchuzi."

Nanzala ndiye aliyepiga kelele. "Uliona chupa! Mtu aliyekaa nyuma ya chupa siku zote hizi hukumwona!" Akatoka nje, na sauti yake ikaendelea kusikika uani, kwa Kibukusu, na sikuhitaji mkalimani.

Mimi si mtu wa kukaa na hasara nikiitazama. Siku hiyo hiyo nilipanda gari hadi Miasenyi, nikamkuta Katuku, nikazichukua tena chupa alizobaki nazo. Zilikuwa thelathini na nane. Nyingine zilikuwa zimeshapanda malori na mabasi, zimekwenda Nairobi, zimekwenda Kampala. Nilirudi nazo nikampelekea Dishon dirishani.

"Sikiliza," nikamwambia. "Tuzijaze. Konzi moja kila chupa, na kikaratasi chake. Zilizopungua tutasema zilivunjika kwenye treni. Nani atajua? Wewe daftari unalo, unajua unachotafuta."

"Ningemwona yule wa kichwa kipana kwenye chupa ya juu," akasema, "ambako hakai. Au nisimwone kabisa pale alipokuwa. Halafu niandike. Daktari Kiilu aandike juu yangu. Na mtu wa mbali aandike juu ya Kiilu." Alifunga daftari. "Hapana, mama."

"Basi utamwambia nini?"

Aligeukia dirisha, akaanza kuifuta hadubini.

Kiilu alikuja wiki moja baada ya Pasaka, shati jeupe na mkoba. Nyumba ya Dishon haikuwa na viti vya kutosha, wakaketi dukani kwangu, na mimi nikawatilia chai. Dishon alimwekea debe miguuni, fungu la karatasi mezani, daftari juu yake, na ile chupa moja yenye kifuniko kilichogoma.

"Nimeharibu kazi," akasema. "Nilizikusanya pamoja, nikidhani zitahifadhika vizuri zaidi."

Kiilu alitazama debe. Alitazama karatasi. "Wewe, Dishon?"

"Mimi."

"Wewe uliyenirudishia chupa nzima kwa sababu tarehe imeandikwa kwa wino?"

"Mimi, Daktari."

Nilikuwa nimeshika birika. Nakumbuka chai ilijaa kikombe, ikapita, ikamwagika kwenye sahani, na Kiilu akainua macho akanitazama. Si kwa chai. Alinitazama muda mrefu. Ilikuwa nafasi, imewekwa mezani kama kitu kinachouzwa, na bei yake ilikuwa sentensi moja. Niliwaza ofisi, niliwaza polisi, niliwaza jina la duka langu. Nikachukua kitambaa nikapangusa meza.

Kiilu alisoma daftari hadi mwisho. "Chupa thelathini na moja," akasema, "na sasa haziwezi kutazamwa upya. Nikipeleka hili mbele ya watu watasema kisamaki kimekula ndani ya wavu. Nitawajibu na nini?" Akaligusa lile debe kwa kiatu. Alikunywa chai yake yote, kwa heshima, akapanda treni ya mchana.

Dishon hakuitwa Mombasa. Reli ilikuwa imeshajaza nafasi yake wakati yuko melini, na kibarua alichopewa stesheni kikaisha. Akaenda shamba la katani kupima mizigo. Miaka saba alipima mizigo ya katani, kwa usahihi uliowakera wenzake, na hakuna hata mmoja aliyemsikia akinitaja. Nanzala alihamishia ununuzi wake dukani kwa Mhindi. Dishon aliendelea kunisalimu kila asubuhi, "Umeamkaje, Mama Saru," na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko kelele za mkewe.

Nilikuwa na mpango wa kujenga stoo mpya upande wa dirisha lake. Mawe nilikuwa nimeshaletewa. Sikujenga. Sikujua njia nyingine ya kumwambia mtu samahani. Mawe yakaota majani.

Mwaka wa 1985 waliamua kurudi Kimilili kulima. Asubuhi ya kuondoka alikuja kunipa ufunguo. Alikuwa ameshika ile chupa.

"Jenga stoo yako, mama," akasema. "Sina tena cha kutazama." Akaweka chupa kwenye kaunta. "Na hii ibaki kwako. Ndiyo pekee ambayo haikuuzwa."

Niliivumilia siku nne kwenye rafu, kati ya sabuni na chumvi. Siku ya tano nilifunga duka nikapanda treni ya Mombasa.

Kiilu alikuwa na mvi sasa na ofisi yenye feni. Alinikumbuka kabla sijataja jina. Niliweka chupa mbele yake, nikamwambia yote, kuanzia Katuku mpaka lile birika. Sikupunguza. Nilingoja anifokee.

"Nilijua si yeye," akasema.

"Ulijua?"

"Mtu hujua mkono wa mfanyakazi wake. Na nilikuona ukimwaga chai."

"Basi kwa nini hukumpa kazi?"

"Ningempa vipi, mama? Yeye mwenyewe amekiri mbele yangu, na siwezi kuandika kwamba amedanganya bila mtu kuniambia. Nafasi ile niliiacha wazi mpaka Desemba. Nilikuwa nangoja barua kutoka Voi. Barua yoyote."

Miezi minane. Nilikuwa nimehesabu chupa miaka saba nikidhani ndizo nilizomnyang'anya. Chupa zilimpotezea ushahidi tu. Kazi aliipoteza kwa mdomo wangu, na kuufungua kulihitaji karatasi na stempu.

Kiilu alishika kifuniko kwa koleo, kikaachia. Alivua kikaratasi: mita mia sita, saa saba mchana. Akachagua kisamaki kimoja, akakipasua kwa sindano mbili, akaniachia kiti. Sikuwahi kutazama ndani ya hadubini. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Halafu nikaliona tumbo, limefunguka kama mfuko, na ndani yake dudu amejikunja, miguu imeanza kulainika, kichwa kipana kama jembe.

"Ndiye?" nikauliza.

"Ndiye."

"Basi Dishon alisema kweli."

"Chupa hii inasema kweli. Moja haitoshi kushinda hoja." Alivuta kitabu kikubwa cha stoo, akatafuta mahali ambapo namba tisini na sita za chupa alizopewa Dishon zilikuwa zimeachwa bila kitu kingine mbele yake. Kwenye moja akaandika: *Imechambuliwa. Dishon Wanjala, Voi.* Kisha akaniangalia.

"Na hizi tisini na tano, niandike nini? Kwa sasa zimesimama kwa jina lake."

Nilimwomba avute kitabu karibu nione anavyoandika.

"Andika zilimwagwa na Wakesho, mwenye duka, Voi," nikasema, nikilitaja jina langu mwenyewe. "Na uongeze, akijua."

Aliandika polepole, kwa penseli.